Kupandikiza kwa Kurudi Nyuma

Kosa langu la kwanza lilikuwa namba tatu. Niliiandika kwenye fomu ya maombi, mahali palipouliza nimepandikiza mpunga kwa misimu mingapi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwa simu na kamusi iliyopoteza jalada, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijitetea kwamba lugha ndiyo iliyoniponza. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema kupanda tu. Umepanda mahindi, umepanda mpunga, hakuna anayekuuliza umepandaje. Lakini ukweli ni kwamba nilijua tofauti. Nililitafuta neno lile kwenye kamusi mara mbili kabla ya kujibu. Kupandikiza ni kuotesha miche kitaluni, kuing'oa, na kuipanda upya shambani kwa mistari. Nyumbani kwetu Katindiuka, hapa Ifakara, hatujawahi kufanya hivyo. Sisi tunamwaga. Trekta likishapita, mama anafunga mbegu kwenye kanga kiunoni na kuzirusha kwa mkono huku anatembea, na mpunga unaota pale ulipoangukia. Misimu mitatu ya kupandikiza sikuwa nayo. Sikuwa nayo hata siku moja.

Nilichokuwa nacho ni kusoma. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sipendi kuyaeleza, na tangu siku ile nikawa mtu wa kutaka kuonyesha kwamba yale matokeo yalinikosea. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu kilimo shadidi, yaani ule ukulima wa mpunga wa kutumia miche michanga, nafasi pana na maji kidogo. Nilikuwa na madaftari manne ya maelezo na michoro. Nikikosea neno moja nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Daftari la pili lilikonda mpaka likawa halifiki nusu ya unene wake wa dukani.

Mradi wenyewe ulikuwa unatafuta vijana wanaotoka kwenye mabonde ya mpunga ya hapa nchini, waende Sierra Leone kwa miezi kumi kujitolea. Wangekaa vijijini na wakulima wa kule, wakiwafundisha kupandikiza na kujifunza kutoka kwao. Jibu la kukubaliwa lilipokuja nililisoma nikiwa nimesimama uani, na nikalisoma tena nikiwa nimekaa, kuona kama maana itabadilika.

Nilimwambia mama. Alikuwa anapeta mchele na hakuacha kupeta.

"Kujitolea?" akasema. "Hapa Ifakara pamejaa mpaka upande ndege?"

Sikumlaumu. Kwetu neno hilo lina maana yake. Binti wa jirani yetu anajitolea kufundisha shule ya msingi, huu mwaka wa tatu, akingoja ajira. Kijana mwingine wa mtaa wetu alijitolea ofisi fulani mpaka akaoa akiwa bado anajitolea. Mama alijua kwamba kujitolea ni kukaa kwenye foleni ukiwa umevaa vizuri. Nilimweleza kwamba huku ni tofauti, kwamba ninakwenda kwa sababu nina kitu cha kufundisha. Nilipoyatamka hayo masikio yaliniwaka moto, lakini niliendelea.

Maandalizi nilianza siku ileile. Niliandika orodha ya vitu vya kubeba, nikaipanga kwa herufi, kisha nikaona ni ujinga nikaipanga kwa umuhimu. Nilipata pasipoti, nikachanjwa chanjo ya homa ya manjano, nikanunua buti za mpira na kuzijaribu ndani ya nyumba. Nilisumbuka wiki nzima na jambo moja ambalo najua litachekesha: kule hawana shikamoo. Nitamsalimiaje mzee wa kijiji? Nikimsalimia kama ninavyomsalimia rafiki yangu, mwili wangu utakubali? Nilijifunza salamu zao kwenye simu na kuzisema mbele ya kioo, na kila mara nilijikuta nimeinamisha kichwa kidogo, kwa hiyo nikaamua kichwa kibaki hivyohivyo.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa msimamizi wa wanaojitolea, mama mmoja aliyekuwa akiandika kwa ufupi na bila mapambo. Kila kijana alitakiwa kutuma video fupi akipandikiza mpunga katika eneo lake, kuanzia kitaluni hadi mistari ikamilike. Wakulima wa kule wangeonyeshwa video hizo kabla hatujafika, wajue nani anakuja na wajiandae na maswali. Tulipewa wiki sita. Asiyetuma asingesafiri.

Nilisoma ujumbe ule hadi mwisho. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa aina yangu hulifanya: nilijifungia chumbani kufanya mazoezi. Nilijaza tope kwenye beseni la kufulia, nikachukua njiti za kiberiti, nikazichomeka kwa mistari nikipima kwa rula. Nilizichomeka na kuzichomoa kwa siku nne. Siku ya nne mama aliingia kutafuta beseni lake.

Alitazama njiti, akatazama rula, akanitazama mimi.

"Zimeota?" akauliza.

Nilificha rula nyuma ya mgongo. Akakaa kwenye kitanda changu, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa kwamba bibi yangu wa Mchombe na wenzake wameanza kupandikiza wiki hiyo, na kwamba basi la Mlimba, linalopita Mchombe, linaondoka asubuhi. Halafu akamwaga tope langu uani na kuchukua beseni. Mpaka leo sijui alikuwa ameelewa kiasi gani. Nadhani alielewa yote.

Bibi wa Mchombe ni mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Ana shamba lenye mfereji, na anaongoza kundi la kina mama kama kumi na wawili wanaopandikizana kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wake, ana haki zote za utani juu yangu, na hazikai bure.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Mke mwenzangu hakupikii?"

Mke mwenzake ni mama yangu mzazi, ambaye kwa hesabu za kawaida ni mwanawe. Ndivyo utani wetu ulivyo, na ukiuliza unaonekana huna akili.

Hapo nilifanya kosa la pili, dogo kuliko la kwanza lakini la ukoo uleule. Sikumwambia kwamba nimekuja kujifunza. Nilisema nimekuja kuchukua video ya kupeleka nje, kwa ajili ya mafunzo. Nilitoa kamba yangu niliyoifunga mafundo kila sentimita ishirini na tano, rula, na kipande cha karatasi nilichokifunika kwa nailoni kisilowe. Wanawake wale walinizunguka wakaangalia vifaa. Kabla hatujafika jarubani, kile kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta kushika maji, nilikuwa nimeshapewa jina: bwana shamba.

Jaruba lilikuwa limelowa vizuri, tope linafika kwenye kifundo cha mguu. Walinipa nafasi pembeni, wakatandaza kamba, wakainama. Na mimi nikainama. Nilichukua mche wa kwanza, nikauchomeka. Nikapiga hatua, nikauchomeka wa pili. Nikapiga hatua nyingine. Nilikuwa makini sana na vidole vyangu, kwa hiyo sikuona mara moja kwamba wenzangu wamenyamaza.

"Bwana shamba," alisema dada mmoja wa rika langu, aliyevaa kofia pana ya majani. "Unakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi? Huko Ulaya?"

Wakaangua kicheko, mmoja akalazimika kushika magoti. Niligeuka kutazama nyuma na ndipo nikaona. Mche wangu wa kwanza ulikuwa chini ya alama ya unyayo wangu. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa umelalia ubavu.

"Mwacheni mume wangu, ana haraka ya ndege," bibi alisema. Kisha akaja, akanishika mabega kwa mikono yenye tope, akanigeuza kama unavyogeuza kiti. "Tunapanda tukirudi nyuma. Ulichopanda kinabaki mbele yako unakiona, na mguu wako unakanyaga mahali ambapo bado hapana kitu."

Nieleze kwa nini sikujua, maana nimejiuliza sana. Video nilizozitazama zilionyesha mikono. Michoro niliyoinakili kwenye daftari ilionyesha mistari, nafasi, na mshale pembeni. Mimi nilidhani mshale ule unaonyesha mtu anakotazama. Ulikuwa unaonyesha mgongo unakoelekea. Hakuna mwandishi aliyeona haja ya kulisema hilo, kwa sababu kwa mtu aliyewahi kusimama jarubani halihitaji kusemwa.

Siku ile niliendelea kwa kurudi nyuma, na nikarudi kwenye ugonjwa wangu. Kila mche niliupima kwa rula. Ukipinda niliung'oa nikaupanda upya. Wenzangu walimaliza jaruba zima, wakahamia la pili, wakala, wakarudi, na mimi nilikuwa na mistari miwili. Lakini ilikuwa mistari kweli. Ukisimama kichwani mwa mstari unaona mche mmoja tu, ile mingine imejificha nyuma yake. Nilipiga picha. Bibi alikuja akatazama, akarudi kwa wenzake.

Siku ya nne mistari yangu miwili ilikuwa ya njano. Yao, iliyopinda hapa na pale kwa sababu waliipanda huku wakisimuliana habari za mawifi zao, ilikuwa ya kijani na imesimama. Bibi alichutama, akachomoa mche wangu mmoja kwa vidole viwili, akausuuza, akaniwekea kiganjani. Mizizi ilikuwa imekunjamana ikatazama juu. Alinieleza kwamba nimeichimbia badala ya kuilaza, na kwamba wakati napima, miche mingine ilikuwa juani kwenye sinia, inakauka.

"Ukishaung'oa, haukungoji," alisema. "Kupima unapima kabla."

Nilikuwa nimejenga maisha yangu yote juu ya kupima wakati wowote, na hasa baada. Sikusema hivyo. Nilisema ndiyo bibi.

Jumamosi wale wanawake walinihurumia. Walijua siku yangu ya kurudi imekaribia na kwamba video inatakiwa. Wakapanga wenyewe: wao watapanda jaruba zuri karibu na mfereji, mimi nitaingia mwishoni, niiname kwenye mistari yao, nichomeke miche kadhaa ya mwisho, na dada mwenye kofia atashika simu. Waliona ni msaada wa kawaida, kama kumwazima mtu shati la harusi. Nilikubali. Sikusitasita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Niliuliza tu kama jua linatoka upande mzuri.

Video ilitoka vizuri. Tuliitazama tumekaa kwenye ukingo wa jaruba, miguu majini.

"Wakikuona wataamini," yule dada alisema. Alikuwa anafunga kanga yake upya. "Ukifika kule, mstari wa kwanza anapanda nani?"

"Tutapanda pamoja."

"Wao hawajui."

"Ndiyo, hawajui."

"Na wewe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu kila asubuhi kuna mtu anayepanda mstari wa kwanza na wengine wanaufuata, na alitaka kujua kule atakuwa nani. Akainuka akaenda kunawa. Mimi nikabaki na simu mkononi.

Nilimkuta bibi akisuuza sinia kwenye mfereji nikamwambia yote: namba tatu, kamusi, beseni. Nilisema haraka ili nisipate muda wa kujipamba. Hakushangaa. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma alikuja kijana wa semina, msafi, mwenye maneno mazuri, akawashawishi wahame kwenye mbegu yao wachukue nyingine inayowahi kuiva. Mafuriko yalipokuja mbegu ile, kwa ufupi wake, ilizama. Mwaka ule bibi, mkulima wa mpunga, alikula ugali wa kuomba kwa ndugu wa Mahenge.

"Alikuwa mtoto mzuri," alisema. "Hatukumchukia. Ila alikuwa hajui, na sisi hatukujua kwamba hajui. Angesema, tungepanda yake robo tu, tukaitazama."

Wale watu wa Sierra Leone nilikuwa sijawahi kuwafikiria kama watu watakaokula au kutokula. Nilikuwa nimewafikiria kama watu watakaonitazama.

Mtandao wa Mchombe unashika vizuri ukipanda kwenye tuta la reli. Nilikaa pale mchana nikamwandikia msimamizi. Niliandika mara kumi na moja. Rasimu za mwanzo zilikuwa na maelezo ya lugha, na neno kupanda, na mazingira ya nyumbani. Niliyafuta yote. Zilizobaki zilikuwa sentensi nne: kwamba niliandika misimu mitatu nikijua si kweli, kwamba nimepandikiza siku sita tu, na mistari yangu miwili ya kwanza imekufa, kwamba nina video lakini mistari ile si yangu, kwamba naomba radhi. Nikatuma. Kisha nikakaa nikisubiri kujisikia mwepesi, kama wanavyosema watu, lakini nilijisikia njaa tu, nikarudi kwa bibi kula.

Kwa siku tano msimamizi hakujibu. Ningeweza kurudi Ifakara, lakini zamu za kupandikiza zilikuwa hazijaisha, na kukaa bila kazi kungeniua. Niliacha rula kwa bibi, kwenye rafu ya vyombo. Nilijifunza kushika mche kwa gumba na vidole viwili, kuuingiza kwa ubavu kama unaingiza barua chini ya mlango, na kuuacha. Kuuacha ndiko kulikonishinda zaidi. Mkono ulitaka kurudi kurekebisha. Yule dada alipouona unarudi alikuwa anakohoa kwa makusudi, na ikawa mchezo wetu. Ikifika saa nne amekohoa mara tatu tu anasema leo nimepona. Mgongo uliuma, ruba wawili walininyonya, na sikumbuki wiki nyingine ambayo nilicheka kiasi kile.

Simu iliita nikiwa na mikono yenye tope hadi kwenye viwiko. Dada mwenye kofia aliitoa mfukoni mwangu akaniwekea sikioni, na hakuficha kwamba anasikiliza.

Msimamizi alisema amesoma. Alisema nafasi ile atapewa mwingine, kwa sababu wanahitaji mtu wa msimu huu. Alilisema bila ukali, na kwa sababu hiyo halikuwa na mahali pa kubishania. Nilisema nimeelewa. Akaendelea kwamba kama ninataka kweli, nipandikize mpaka mavuno, nipalilie, nivune, halafu niombe na kundi linalofuata, hakuahidi chochote. Halafu akauliza kama nilipiga picha ile mistari iliyokufa.

Nilisema ninazo, za siku ya kwanza na za siku ya nne.

"Nitumie zote," alisema. "Kila mtu ananitumia mistari inayopendeza. Kule wanauliza kila siku kwa nini miche inakuwa njano, na sina cha kuwaonyesha."

Simu ilipokatika yule dada alinirudishia mfukoni. "Huendi?" akauliza.

"Siendi."

"Basi shika sinia, wenzio wanakusubiri."

Nililia kidogo siku ile, jioni, nikiwa nimewapa mgongo kama mtu anayetazama reli. Sitaki kujifanya kwamba sikulia. Nilimpigia mama nikamweleza kwamba nafasi nimeikosa na kwamba nitabaki Mchombe hadi mavuno.

"Kwa hiyo sasa unajitolea kwa bibi yako," akasema, na nikamsikia anacheka mbali na simu.

Nilibaki. Bibi alinikatia robo ya jaruba iwe yangu, akasema nikiharibu nitaharibu changu. Nilipandikiza, nikasukuma mashine ya palizi kati ya mistari, nikajifunza kutoa maji na kuyarudisha, nikafukuza ndege kama nilivyofanya utotoni. Niliwasaidia wengine kwenye zamu zao nao wakanisaidia kwenye yangu. Mistari yangu ilipinda kidogo karibu na mfereji, mahali ambapo nilikuwa nimechelewa nikaharakisha, na mpunga wa pale ulizaa sawa na wa kwingine. Nilikwenda kuuangalia mara nyingi, nikitafuta kasoro yake, sikuiona. Nilipovuna niliombwa na mama kurudi Katindiuka kuwaonyesha yeye na jirani yake. Mama alijaribu kona moja ya shamba. Kwingine kote amemwaga kama kawaida, na ameniambia nisimsumbue.

Niliomba tena. Safari hii msimamizi alinihoji kwa simu, na aliponiuliza maswali matano ya wadudu nilijibu mawili, matatu nikasema siyajui. Nilichukuliwa. Ninaondoka mwezi ujao. Bibi ameniagiza nimletee mbegu ya mpunga wa kule, kiasi cha ngumi moja, na ameuliza kama wanawake wa kule nao hupanda wakirudi nyuma. Sina uhakika. Nitakwenda kuwatazama kwanza.

Hofu yangu haijaisha. Usiku huu huu nimeshafungua begi na kulifunga mara mbili. Lakini jambo moja limebadilika tangu msimu ule: nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, na nasema mara ya kwanza ninapoulizwa.